Namba Nyuma ya Helmeti

Msimu ule tulipoteza mechi thelathini na saba kati ya hamsini, na jezi za mechi zote hamsini nilizifua mimi. Watu wakiukumbuka siku hizi kwenye baa ya kituo cha basi, wanamtaja kocha, wanawataja wachezaji wa kigeni waliotukimbia, wanamtaja kipa aliyefungwa goli kutoka katikati ya uwanja. Nawasikiliza, namaliza kahawa yangu, naondoka. Mimi kinachonikera ni kitu kimoja tu, helmeti, na kila nikiikumbuka nakasirika upya kama vile ni jana.

Nilikuwa fundi wa vifaa wa timu ya hoki ya barafu ya Kuusisalmi, mji wetu mdogo huku kwa Wafini. Kazi yangu ilikuwa kunoa vyuma vya viatu vya kutelezea, kushona glavu, kuyafunga utepe magongo ya wavivu, na kukausha kila kinachonuka, na katika hoki hakuna kisichonuka. Wachezaji waliniita Fundi. Nadhani nusu yao hawakujua kwamba nina jina.

Katika kazi zote hizo niliichukia moja. Katika ligi yetu, anayeongoza kwa pointi katika kila timu huvaa helmeti ya rangi ya dhahabu, wenzake wote wanavaa za kawaida. Goli ni pointi moja, pasi ya goli pointi moja. Anayeongoza akiumia au akihama, inakwenda kwa anayefuata kati ya waliopo. Kila inapobadilisha mwenyewe, mimi ndiye wa kubandua namba ya plastiki nyuma yake kwa kikausha nywele cha mke wangu, kukwangua gundi, kubandika namba nyingine na kurekebisha ukubwa kwa bisibisi. Timu nzuri hufanya hivyo mara mbili tatu kwa msimu. Sisi tulifanya mara kumi na moja. Mkanada wetu alikwenda Ujerumani mwezi wa kwanza bila hata kuaga, aliyemfuata akavunjika mfupa wa bega, wa tatu akagombana na kocha na kuwekwa nje. Mke wangu aliishia kuninunulia kikausha nywele changu mwenyewe.

Mpaka mwezi wa tatu, zikiwa zimebaki mechi mbili, helmeti ilikuwa kichwani mwa Radim, kijana wa Kicheki mwenye namba nane, pointi ishirini na tatu. Nyuma yake kwa pointi moja alikuwa Arvi Nuutinen, namba kumi na nne. Kwenye timu yenye akili zake jambo hilo lisingetokea kamwe. Arvi alikuwa nahodha wetu, umri miaka thelathini na sita, misimu kumi na saba kwenye timu moja. Kazi yake ilikuwa kulala mbele ya mashuti, kugombea kisahani, yaani mpira wetu bapa, kwenye kona na kutema jino mara moja moja. Pointi ilikuwa kazi ya wengine. Helmeti ya dhahabu hajawahi kuivaa hata kwa mazoezi, na alishatangaza kwamba msimu ukiisha naye amekwisha.

Sasa niseme habari za baba yake, maana bila yeye ningelala usingizi wangu vizuri tu.

Mzee Vilho Nuutinen alikuwa bosi wangu kwenye kiwanda cha karatasi, kabla sijahamia ukumbi wa barafu. Yeye ndiye aliyenifundisha kunoa. Alikagua mabunda ya karatasi kwa kidole gumba. Alikuwa akipitisha mkono tu, anakwambia unene, na mashine ikipima baadaye inamkuta sawa. Kiti chake ukumbini ni sehemu C, safu ya tatu, tangu siku paa lilipoezekwa. Ila macho yalikuwa yamemwisha. Katikati pameziba kabisa, anaona pembeni tu, na pembeni kwenyewe anaona rangi kali na vivuli. Majira mawili ya baridi alikaa kwenye kiti kile akitazama weupe wa barafu na vivuli vinavyopita, akimuuliza jirani, "Arvi yuko wapi?" Jirani anamwambia yuko kushoto, na yeye anageuka kushoto, lakini Arvi keshaondoka zamani.

Siku moja tukinywa kahawa kwake aliniambia kwamba mtu pekee anayemwona uwanjani ni yule mwenye kichwa cha njano. "Yule namfuata toka mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Sijui ni nani, lakini namwona." Akachovya mkate wake wa iliki kwenye kahawa, akabadilisha mazungumzo.

Hilo ndilo lililoniharibia msimu. Tangu siku hiyo nilitaka Arvi aivae helmeti ile mara moja, mechi moja, nyumbani, kabla hajastaafu, ili baba yake amwone akicheza. Sikumwambia Arvi. Ningemwambia angesema niache upuuzi, ndivyo alivyo. Nilikwenda kwa kocha nikamwomba ampange Arvi kwenye kikosi kinachocheza wapinzani wakiwa pungufu, ambako pointi huokotwa. Kocha aliniuliza kama nimeanza kufundisha timu. Nikamjibu kwamba kwa matokeo yetu, hata mashine ya kulainisha barafu ingeweza kuifundisha. Kwa wiki nzima hatukusalimiana.

Alhamisi tulicheza ugenini. Kipindi cha kwanza Arvi alifunga, kisahani kikimgonga gotini na kuingia, goli baya kuliko yote niliyowahi kuyapenda. Sasa wako sawa, ishirini na tatu kwa ishirini na tatu, lakini wakiwa sawa mwenye magoli mengi ndiye anayevaa, na Radim alikuwa na mengi. Kipindi cha pili beki wetu mmoja akafunga kutoka mbali. Spika ya ukumbi ikatangaza mfungaji, kisha ikatangaza pasi imetoka kwa namba kumi na nne. Niliuma taulo. Mtu mzima wa miaka hamsini na nne, nimesimama nyuma ya benchi nauma taulo la kipa.

Muda huohuo mchezaji mmoja akaja na chuma cha kiatu kilichomeguka, nikaenda nyuma kukinoa, na mashine ile ikiwaka husikii hata jina lako. Niliporudi tulikuwa tumeshafungwa matatu mengine. Sikujali. Kwenye basi hakuna aliyesema kitu, na mimi sikuuliza. Watu wa Kuusisalmi wanaweza kukaa kilomita mia tatu kwenye basi moja wasiulizane hata saa.

Ijumaa asubuhi nilikaa kwenye karakana yangu nikabandua ile nane, nikasafisha gundi, nikabandika moja na nne, zikakaa zimenyooka kama askari kwenye mazishi ya rais. Nikailegeza saizi kwa sababu kichwa cha Arvi ni kikubwa. Halafu nikafanya kosa langu. Niliitia helmeti kwenye mfuko wa plastiki nikaenda nayo kwa Mzee Vilho.

Aliipokea kwa mikono miwili. Aliisogeza pembeni, karibu na sikio, huko ambako jicho lake bado linafanya kazi, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaipakata, akapitisha kidole gumba nyuma yake, taratibu, kama alivyokuwa akifanya kiwandani.

"Moja," alisema. "Nne."

"Kesho, mzee. Wewe fuata njano tu."

 Alinyanyuka akaanza kutafuta viatu vyake vya kanisani avipake rangi. Nilirudi nyumbani ninapiga mluzi, na mke wangu akaniuliza kama tumeshinda.

Jumamosi saa nne asubuhi karatasi ya takwimu ikaingia kwa faksi kutoka ofisi ya ligi. Nuutinen, ishirini na tatu. Radim, ishirini na nne. Niliisoma mara tatu. Nikapiga simu, dada wa huko akanijibu kwa upole kwamba pasi ya goli la pili ilirekebishwa palepale mapumzikoni, kwa ombi la nahodha wa Kuusisalmi. Nikamuuliza nahodha yupi. Akasema, kwani mnao wangapi.

Nilimkuta Arvi amekaa mahali pake chumbani, anafunga kamba za viatu kwa mazoezi mepesi ya asubuhi. Nikamwekea ile karatasi gotini.

"Kisahani hakikunigusa," alisema bila hata kuisoma. "Kilipita mbele ya gongo langu. Pasi ilikuwa ya Radim."

"Nani alikuuliza?"

"Walitangaza namba yangu. Nahodha ni mimi. Ulitaka nikae kimya?"

"Ndiyo, ukae kimya. Ligi nzima watu wanakaa kimya. Kuna watu wana nyumba zimejengwa na pasi ambazo hazikuwagusa."

"Basi wakae kwenye nyumba zao."

"Kwani nani angejua, Arvi? Mle ukumbini walikuwemo watu elfu mbili, na wote walikuwa kwenye foleni ya soseji."

"Radim alijua," akasema. "Na mimi nilijua. Fundi, unanichosha. Ni pasi moja, tumefungwa tano mbili, timu ya mwisho kabisa. Wewe inakuuma nini?"

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote: macho ya baba yake, kichwa cha njano, mfuko wa plastiki, moja, nne. Aliacha kufunga kamba. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliniuliza tu kama mzee ameshamwambia mtu. Nikasema sijui, lakini nilijua.

Radim, anayekaa kiti cha jirani, alikuwa amesikia yote na kuelewa nusu. Kifini chake kilikuwa cha kuombea chakula na kutukania marefa, lakini moyo wake haukuwa na shida. Aliitoa helmeti kwenye ule mfuko wa plastiki niliokuja nao akamwekea Arvi mapajani. "Vaa wewe," alisema. "Mimi sipendi. Wakiona dhahabu wananipiga mbavu."

Arvi aliitazama. Kwa sekunde moja nilidhani tumeshinda.

"Nivae kofia ya mtu mbele ya baba yangu?" alisema. Akamrudishia Radim, kisha akaniambia mimi, "Wewe ndiye uliyemdanganya. Nenda kamwambie."

Basi nikabandua moja na nne. Gundi ilikuwa mbichi, zilitoka zenyewe, hata kikausha nywele hakikuhitajika, na hilo nalo lilinikasirisha. Nikabandika nane.

Jioni nilipanda sehemu C kabla ya mechi kuanza, maneno nimeyapanga mdomoni. Mzee Vilho alikuwa amekaa na binti yake Sylvi, amefunga tai. Tai, kwenye mechi ya timu ya mwisho. Viatu vinang'aa. Safu nzima walikuwa wameshaambiwa. Mtu mmoja ambaye simjui kabisa alinipa mkono akasema leo ni siku kubwa kwa familia ya Nuutinen. Mzee alisikia sauti yangu akageuza uso pembeni ili aweze kuniona.

"Fundi. Njano itakuwa upande gani kwanza?"

 Nilimuuliza kama anataka kahawa. Akasema keshakunywa, nami nikashuka ngazi nikijitukana kwa kila daraja, na ngazi za pale ni ishirini na sita.

Ningependa kusema kwamba mechi ile ilikuwa mbaya, ingenisaidia. Lakini ilikuwa mechi yetu bora ya msimu. Wapinzani walishafuzu, walicheza kama watu wenye basi la kuwahi, na Radim akachachamaa. Kila alipogusa kisahani nilimtazama mzee kutoka nyuma ya benchi. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda. Kwa miaka miwili nilikizoea kikiwa kimesimama, na sasa kinakwenda kulia, kinarudi, kinasimama kwenye kona, kinafuata njano hatua kwa hatua. Radim alipofunga la kwanza mzee alisimama na kuita jina la mwanawe. Watu wa safu ile, ambao macho yao ni mazima na waliona namba nane vizuri kabisa, walinyamaza. Hata mmoja hakumsahihisha. Sijui kama niwashukuru au niwalaani.

Arvi alikuwa upande wa pili wa uwanja, bado amelala juu ya barafu alikozuia shuti muda mfupi kabla ya goli. Lilikuwa limempiga kwenye mbavu. Aliinuka kwa magoti, akaangalia juu sehemu C, na pale alipoangalia alimwona baba yake akimshangilia mtu mwingine. Nilimwona akiona. Kisha akaja benchi, akakaa, akaomba maji. Nilimpa chupa. Aliipokea bila kuniangalia.

Radim akafunga la pili pia. Tukashinda matatu mawili. Watu walisimama wakapiga makofi kana kwamba tumechukua kitu, na Arvi Nuutinen akamaliza misimu kumi na saba bila goli, bila pasi, na bila hata kujeruhiwa vizuri ili atangazwe kwenye spika.

Chumbani sauna ilikuwa imeshapata moto na vijana wakaanza kuingia. Arvi alibaki amekaa na jezi yake, Radim kando yake kichwa kinafuka mvuke, helmeti ya dhahabu mkononi mwangu. Mlango ukafunguliwa, Sylvi akamwingiza baba yake amemshika kiwiko. Sylvi aliniangalia kwa macho ambayo sitayasahau, akamfikisha mzee kwa kaka yake, akatoka kusubiri nje.

Mzee Vilho alimpapasa Arvi bega, akalipata.

"Leo nimekuona," alisema. "Miaka miwili, leo nimekuona. Lile la pili, ulipomzunguka beki ukaingia kati. Sikujua kama bado una mbio hizo."

 Wenye taulo walisimama na taulo zao. Nilimwangalia Arvi, mtu aliyetembea mpaka kwa refa kurudisha pasi ambayo hakuna aliyeidai.

"Ndiyo, baba," alisema. "Bado ninazo kidogo."

Mimi ndiye niliyemfanya aseme hivyo. Karibu miaka ishirini namfahamu na sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata kwa daktari, hata kwa mkewe, na siku ya kwanza nimesimama pale ninausikia, na umetoka mfukoni mwangu. Nilitaka kuitupa ile helmeti ndani ya sauna.

"Fundi yupo?" mzee akauliza. "Nipe niishike tena."

Ningeweza kumpa nyingine. Kulikuwa na helmeti ishirini mle ndani, ikiwemo ya Arvi yenye moja na nne, na yeye asingeona rangi yake vizuri kwenye taa ile hafifu. Lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa, na mimi, kwa akili zangu zilezile, nikaiweka mkononi mwake.

Aliipakata. Ilikuwa bado ina jasho. Kidole gumba kikaenda nyuma, mahali palepale, kikaanza kushuka kutafuta moja. Hakikuipata. Kikazunguka juu, kikapita katikati, kikazunguka chini, kikarudi kilikotoka. Kikafanya hivyo mara ya pili, polepole zaidi. Kisha kikatulia. Nilimjua mkaguzi yule. Alikuwa na jibu tangu mara ya kwanza.

 Arvi aliinamisha kichwa kama mwanafunzi.

Mzee aliinyanyua helmeti akaitoa mbele yake, kuelekea kule aliposikia mtu akihema.

"Mrudishie mwenyewe," alimwambia Arvi.

Arvi aliichukua, akamkabidhi Radim, na Radim akaipokea akiwa amesimama, sijui kwa nini alisimama. Mzee alipapasa benchi, akakaa, akalegeza tai yake.

"Sasa kaa hapa," alisema. "Uniambie wewe ulikuwa upande gani."

Arvi alikaa. Alimwambia alianzia kushoto, dakika ya kwanza, kwenye kona chini ya saa. Mzee aligeuza uso kushoto. Mimi nilikwenda karakana kuzima mashine ya kunolea, na nilipofika nilikuta nilishaizima.